STAA KUIMBA AMEKAA KWENYE STULI: KAMA NI NGIRI, ANASUBIRI NINI?

Ile klipu mmeshaiona wote, msijifanye. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye shoo yake haijakamilika mpaka apande juu ya spika, ameonekana huko mkoani anaimba nyimbo nne mfululizo akiwa amekaa kwenye stuli. Mkono mmoja maiki, mkono wa pili muda wote upo chini ya tumbo upande wa kulia, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Wimbo wa tano akakohoa, akajikunja, akashuka jukwaani. Dijei akamalizia.

Jina silitaji, na atakayelitaja kwenye komenti nitafuta. Ila stori ya mjini, kwa watu wanaokula naye sahani moja, ni kwamba jamaa ana ngiri, huu unakwenda mwaka wa pili, na kila akiambiwa akapasuliwe anajibu ngoja msimu uishe. Msimu gani sasa? Idi ikiisha kuna Sabasaba, Sabasaba ikiisha kuna Nanenane, halafu matamasha, halafu Krismasi na mwaka mpya. Msimu wa msanii mwenye hiti unaisha siku hiti yenyewe ikiisha.

Mimi cheti chake sijakiona. Inawezekana ni tumbo la chipsi mayai za usiku, sitabishana. Kilichonikera ni komenti. Nimezisoma zile mia tatu na kitu zote. "Busha hilo." "Karogwa na mwenzake." "Nguvu zimeisha ndo maana mchumba kakimbia." "Kiki hizo, albamu inakuja." Mtu mmoja tu kaandika, "Kaka nenda hospitali, hiyo ni henia usiichezee," na huyo ndo mkamchamba kuliko wote, eti anajifanya daktari.

Haya, na mimi sio daktari. Nimemaliza kidato cha nne na cheti changu cha biolojia hakiwezi kutundikwa ukutani. Lakini kusoma najua, na kuuliza najua, na hii mada nimeiuliza sana kwa sababu ndani ya ukoo wetu imepita, nitawaambia mbele.

Ngiri, ambayo hospitali wanaiita pia henia, ni tundu. Ukuta wa tumbo lako umejengwa kwa misuli, na kuna sehemu huwa ni dhaifu, wengine tangu kuzaliwa, wengine umri ukienda au baada ya kupasuliwa. Ukikohoa, ukibeba gunia, ukijikamua chooni, presha ya tumboni inasukuma, na mafuta ya ndani au kipande cha utumbo kinachungulia kwenye lile tundu. Nje unaona uvimbe. Ukisimama upo, ukilala chali unarudi ndani. Kwa wanaume unatokea sana kinenani, pale paja linapoungana na tumbo, na ukiachwa unaweza kushuka mpaka kwenye mfuko wa korodani. Hapo ndo mtaani wanapochanganya na busha.

Busha ni kitu kingine kabisa. Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani, na sisi watu wa pwani tunalijua kwa sababu ya matende, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na mbu. Maji ni maji, utumbo ni utumbo. Mwenye busha haamki usiku mmoja utumbo umebanwa. Kwa hiyo ukimwambia mwenye ngiri "busha hilo," kwanza umekosea, pili umemfanya aone kwamba akienda hospitali atakuwa amekubali neno lako.

Halafu kuna ngiri ya tatu, na hii ndo inaumiza vijana wengi: ngiri ya mabango. Mnayajua. Pita Buguruni, pita Manzese, pita Mbagala, kila nguzo ya umeme ina karatasi: tunatibu ngiri, kiuno kuuma, tumbo kuunguruma, choo kama cha mbuzi, kupungua nguvu za kiume. Kwenye lile bango ngiri ni jina la kila kitu kinachomsumbua mwanaume kuanzia kitovu kwenda chini. Ukila maharage mabaya una ngiri. Ukilala mapema mkeo akilalamika una ngiri. Sasa mtu mwenye uvimbe wa kweli kinenani anasoma, anaona jina la ugonjwa wake, anapiga simu, anauziwa lita moja na nusu ya maji meusi ya kunywa kutwa mara tatu. Sigombani na tiba asili kwa mengine, lakini hapa tunaongelea tundu. Suruali ikichanika unaweza kuifua kwa sabuni ya bei yoyote unayotaka, itanukia vizuri na tundu litabaki palepale.

Ubaya mwingine wa lile bango ni kwamba limeunganisha neno ngiri na neno nguvu za kiume kwa nyuzi ambazo hazifunguki. Kijana wa miaka 25 akisema "nina ngiri," wenzake wanasikia amesema ile nyingine. Unategemea atamwambia nani? Atanunua suruali pana, atavuta jezi chini, atabadilisha njia ya kwenda jimu. Na kama ni staa, atasema ana homa.

Sasa swali lenyewe: akapasuliwe lini?

Nilipoanza kuuliza nilidhani jibu ni moja tu, leo leo. Kumbe hapana, na hapa naomba tulia usome. Mwaka 2006 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa wanaume 720 waliokuwa na ngiri ya kinena isiyouma au inayouma kidogo tu. Nusu wakapasuliwa, nusu wakaambiwa wasubiri huku wakifuatiliwa. Baada ya miaka miwili, maumivu yaliyowazuia watu kufanya shughuli zao yalikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili. Na kati ya waliosubiri, waliobanwa ngiri ghafla walikuwa wachache sana, chini ya wawili kwa kila watu elfu moja kwa mwaka.

Kwa hiyo mwanaume mwenye uvimbe mdogo usiouma akiambiwa na daktari "unaweza kusubiri," hajadanganywa, na wewe shangazi wa komenti usimtishe kwamba atakufa kesho.

Ila utafiti uleule una upande wa pili. Ndani ya ile miaka miwili, karibu robo ya waliosubiri walishavuka kwenda upande wa kupasuliwa wenyewe, kwa sababu maumivu yalizidi. Wakafuatiliwa zaidi, na ilipofika miaka kumi, 68 kati ya kila 100 wakawa wameshapasuliwa. Maana yake ngiri ya mtu mzima haifungi yenyewe. Unaweza kuahirisha, lakini kwa wengi wetu unaahirisha kitu ambacho utakifanya tu, na utakifanya ukiwa na umri mkubwa zaidi, pengine na kisukari au presha uliyokuwa huna mwanzoni.

Na wale wanaume 720 walikuwa watu wa namna gani? Walishaonwa na daktari wa upasuaji. Walipimwa, wakaambiwa dalili za hatari ni zipi, wakapewa siku ya kurudi, na walikuwa na hospitali ya kukimbilia. Huko ndo kusubiri. Tunachofanya sisi kina jina lingine. Mtu hajawahi kuvua suruali mbele ya daktari hata mara moja, hajui uvimbe wake ni ngiri au ni tezi, mkewe hajui, meneja hajui, halafu anasema "nasubiri." Unasubiri nini wakati hakuna aliyekuambia usubiri? Huko ni kujificha.

Kuna binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anabeba mizigo Kariakoo. Magunia, majora ya vitambaa, friji, anabeba chochote. Ngiri aliipata akiwa na miaka 29 hivi. Aliificha miaka mitatu. Alikuwa anajifunga kipande cha khanga kiunoni kwa nguvu kabla ya kutoka, na shemeji alidhani ni mambo ya mizigo tu. Hata mimi niliyekuwa nakwenda kula kwao kila Jumapili sikujua. Alichokuwa anakisema siku zote ni kwamba hawezi kukaa nyumbani wiki sita bila kubeba, watoto watakula nini.

Ijumaa moja mchana uvimbe ukatoka ukagoma kurudi. Kawaida alikuwa anaurudisha kwa mkono, safari hii ukawa mgumu kama embe bichi. Akarudi nyumbani, akalala, akanywa dawa ya maumivu. Usiku akaanza kutapika. Shemeji akamwambia, "Baba Salha, twende hospitali," yeye anajibu, "Ngoja kupambazuke." Kulipopambazuka tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Wakampasua Jumamosi mchana, na kipande cha utumbo kilichokaa mle tunduni kilikuwa kimeshakufa. Walikikata, wakaunga. Alilala wodini siku 16, jeraha likaingia usaha, na kuja kubeba tena mzigo ilimchukua zaidi ya miezi mitano. Wiki sita alizoziogopa zikawa miezi mitano, na deni juu. Sasa hivi anauza vocha na soda, anashukuru Mungu, lakini muulize kuhusu ile Ijumaa hakujibu, anabadilisha mada.

Kitu kinachotokea pale ni rahisi kukielewa. Utumbo umepita kwenye tundu dogo, umevimba, umekosa njia ya kurudi. Damu haipiti. Nyama isipopata damu inakufa, na hapo tunahesabu masaa, sio siku. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma sana, haurudi ukilala, ngozi ya juu inabadilika rangi, unatapika, tumbo linajaa, hupati choo wala upepo, usingoje kupambazuke na usiulazimishe kuurudisha kwa nguvu. Usile, usinywe, panda chochote chenye matairi uende hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama zahanati ya jirani ndo iko karibu zaidi.

Sasa rudi kwa staa wetu na ratiba yake. Huyu mtu kazi yake ni kusukuma pumzi kutoka tumboni kwa saa moja na nusu, kuruka, na kulala kwenye basi. Leo yupo Sumbawanga, kesho kutwa Tunduru. Usiku wa saa nane yupo barabarani, katikati ya pori, mtandao hamna. Ikibana pale? Yule Mmarekani anayesubiri ngiri yake akiwa dakika kumi kutoka hospitali, na huyu anayesubiri akiwa ndani ya Coaster la wasanii, hawasubiri kitu kimoja. Ndo maana naona umbali kutoka kwa daktari wa upasuaji nao ni sehemu ya uamuzi, sawa na maumivu. Dereva wa lori la kwenda Kongo, mvuvi wa dagaa anayekaa ziwani, kijana wa machimboni, hawa kwangu mimi wanatakiwa wapasuliwe mapema hata kama haiumi sana. Madaktari wa Bugando kule Mwanza waliwahi kuandika, mwaka 2012, kuhusu wagonjwa wao wa ngiri ya kinena, na walichosema ni kwamba wengi wanafika wamechelewa. Sishangai.

Na kuna ambao kusubiri hakuwahusu kabisa. Akina dada, mnasoma mkidhani hii ni mada ya wanaume? Wanawake hawapati ngiri ya kinena mara nyingi kama wanaume, lakini wakipata, kuna aina moja inayotokea chini zaidi, karibu na mwanzo wa paja, ambayo tundu lake ni jembamba na linabana haraka. Ule utafiti wa kusubiri ulikuwa wa wanaume tu. Dada ukiona uvimbe kinenani usikubali kuambiwa ni mtoki halafu ukakaa nao.

Watoto nao wana habari yao. Kitovu kilichotokeza, kile ambacho bibi anakibandikia sarafu na plasta, mara nyingi kinajifunga chenyewe mtoto anapofika miaka minne au mitano, na sarafu haikusaidia chochote zaidi ya kumletea mtoto vidonda. Lakini mtoto mchanga mwenye uvimbe kinenani, huyo ni wa daktari mapema, maana ya kinena haijifungi na kwa wachanga inabana kirahisi. Mama mmoja akimwambia mwenzake "hata wangu alikuwa nayo ikapona," muulize ilikuwa wapi.

Kwa anayeumwa mpaka analala mapema, ambaye uvimbe unakua kila mwezi, au ambaye siku hizi lazima ausukume sana ndo urudi, naona mjadala umeshafungwa hapo, kilichobaki ni tarehe.

Tuongee hofu sasa, maana najua kinachowakalisha watu nyumbani sio ratiba.

Hofu ya kwanza ni ile: ukipasuliwa huko chini, ndo basi tena. Nimeuliza hili swali kwa wahudumu watatu tofauti na wote walicheka kabla ya kujibu, nadhani wanaulizwa kila siku. Ngiri inashonwa kwenye ukuta wa tumbo. Ni kweli kamba inayopitisha mbegu na mishipa ya damu ya korodani inapita jirani, na ni kweli inaweza kuumizwa, lakini ni mara chache, na ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo daktari anavitafuta na kuviweka pembeni. Nguvu za kiume zenyewe hazikai pale. Kinyume chake, mwenye ngiri inayouma ndo anaogopa kitanda chake mwenyewe.

Hofu ya pili ni nusu kaputi. Watu wanaogopa kulala wasiamke. Ngiri ya kinena ya kawaida inaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi ya eneo lile tu, au ganzi ya mgongoni, ukiwa macho unasikia madaktari wanabishana Simba na Yanga. Uliza kama hospitali yako wanafanya hivyo. Ngiri iliyobana ndo mara nyingi inakulazimisha ulazwe kabisa, tena ukiwa umechoka, umepungukiwa maji, na tumbo limejaa. Hatari ya kufa iko juu zaidi kwenye upasuaji wa dharura kuliko ule uliopangwa, kwa hiyo anayekimbia nusu kaputi kwa kuchelewa anaikimbilia.

Hofu ya tatu ni "wananiwekea plastiki tumboni." Ni kweli, siku hizi ngiri nyingi za watu wazima zinazibwa kwa kipande cha wavu, kwa sababu wavu unapunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Na hapa kuna stori nzuri ya majirani zetu. Mashariki mwa Uganda, watafiti wa Uganda na Sweden walichukua wavu wa aina ya chandarua, ukasafishwa kitaalamu mpaka hauna kijidudu, wakaulinganisha na ule wavu wa kiwandani wa bei mbaya. Wanaume 302, wote kwa ganzi ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2016 kwenye jarida la New England Journal of Medicine: baada ya mwaka mmoja, kundi la wavu wa bei nafuu ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, kundi la wavu ghali hakurudiwa mtu. Wavu mmoja unagharimu kama dola moja, mwingine zaidi ya dola mia. Tafadhali usimpelekee daktari chandarua cha kitandani kwako, nimesema umesafishwa kitaalamu.

Kuna hofu moja ambayo ni halali na sitaki kuipamba. Baada ya upasuaji, kama mtu mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu yanayoendelea kwa miezi, wengine zaidi. Ndo sababu moja ya kutokimbilia kisu kama uvimbe wako ni mdogo na hauumi kabisa. Muulize daktari hilo swali uso kwa uso, na muulize pia amefanya ngiri ngapi. Hakuna daktari wa maana atakayenuna.

Muda wa kupona: wengi wanatembea siku hiyohiyo na wanarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Kazi ya kukaa mezani, wiki moja mpaka mbili. Kubeba vizito, kuruka, jimu, hesabu wiki nne mpaka sita, daktari wako ndo mwenye neno la mwisho. Staa anayeingiza mamilioni kwa shoo moja anaweza kulipia wiki sita za kukaa kochini. Binamu yangu hakuweza, na simlaumu.

Hilo la pesa linanipeleka pengine. Sisi tuna makundi ya WhatsApp ya michango ya kila kitu. Kuna sendofu, kuna kitchen pati, kuna harusi, kuna bethidei ya mtoto wa mwaka mmoja asiyejua hata keki ni nini. Mtu anaahidi laki mbili kwa ukumbi wa saa tano. Umewahi kuona kundi linaitwa "Ngiri ya Juma, kikao cha kwanza"? Hamna. Lakini Juma akifikishwa wodini utumbo umekatwa, kundi linafunguliwa usiku huohuo na picha yake ya drip. Kuchangia wiki sita za chakula cha familia kabla ni rahisi kuliko kuchangia bili ya dharura baadae, sema kabla Juma hasemi, na Juma hasemi kwa sababu anajua mtamuita Busha mpaka anazeeka.

Mwezi Juni mwaka 2023, marehemu Papa Francis, akiwa na miaka 86, alifanya mkutano wake wa Jumatano asubuhi na waumini pale Vatikani, akamaliza, akapanda gari kwenda hospitali ya Gemelli, Roma, akapasuliwa ngiri mchana wake. Yake ilikuwa ya kwenye kovu la upasuaji wa zamani, ilikuwa inambana mara kwa mara na kumuumiza. Masaa matatu, wakamwekea wavu. Vatikani ikatangaza dunia nzima: ana ngiri, inauma, tunapasua leo. Baada ya siku tisa akatoka. Hakuna aliyemwita mzee wa watu majina. Kiongozi wa kanisa lenye watu zaidi ya bilioni moja anatangaza ngiri yake mchana kweupe, halafu kijana wa Sinza anaificha chini ya jezi ya Arsenal.

Hata hapa kwetu kuna mchekeshaji mmoja, wala sio mkubwa sana, mwaka juzi alitoa video yupo kitandani na kanzu ya hospitali amevaa nyuma mbele, anasema, "Jamani naziba pancha, narudi baada ya mwezi." Komenti zikajaa pole na vicheko vizuri. Watu wanne walimuuliza hospitali gani na akawajibu wote. Naamini kwa sentensi ile amewafanyia vijana wa mji huu kitu ambacho bango lolote la uhamasishaji halijafanya. Staa wetu ana wafuasi mara hamsini ya huyo.

Sisemi alazimishwe kutangaza. Mwili ni wake, na kama daktari amemwambia asubiri na ana ratiba ya kumuona tena, basi mimi nakaa kimya na stuli yake naiheshimu. Ila meneja, najua unanisoma, kwa sababu ukiandikwa vibaya unapiga simu ndani ya nusu saa. Tangazo la ziara ya kanda ya kusini limetoka juzi, shoo saba ndani ya siku kumi na moja. Swali langu kwako ni dogo tu: kuna daktari wa upasuaji aliyeiona hiyo ratiba?

Komenti ziko wazi. Ambao mmeshapasuliwa ngiri, tuambieni mlisubiri muda gani, nini kiliwafanya mwende, na mlirudi kazini baada ya siku ngapi, kuna watu humu wanasoma kimya kimya na wanahitaji hizo namba. Za busha nafuta.